Usipa Kwanza, Kopo Baadaye

Magari yanayotoka Mbaha kupitia Lituhi na Kitai kwenda Songea hubeba magunia ya usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Yakirudi huleta kreti za soda, katoni za biskuti, sabuni, na miaka hii ya karibuni, mara mojamoja, kopo kubwa jeusi la poda ya protini ambalo kijana fulani ameagiza kwa dereva. Kopo la namna hiyo nimelishika mkononi, nikaisoma lebo yake pamoja na mwenyewe pembeni ya uwanja, jasho la mazoezi halijatukauka. Fedha ya kulinunua alikuwa ameipata kwa kuuza usipa.

Kijana yule sikumlaumu, na simlaumu leo. Ni beki wa kati, mwembamba, anasukumwa na kila mshambuliaji mwenye kifua, naye alitaka mwili. Lakini hesabu ilikuwa imekaa vibaya: ameuza chakula bora ili anunue kinachofanya kazi ileile, kwa bei kubwa mara nyingi zaidi. Nafundisha vijana mpira hapa ziwani, na kabla ya kurudi nyumbani niliishi Dar es Salaam nikifanya kazi katika ukumbi wa mazoezi. Kwa hiyo upande wa kopo naujua, na upande wa kichanja cha kuanikia samaki naujua pia. Nayasema haya kwa sababu naona vijana wetu wanapoteza fedha, na wengine wanapoteza afya, wakitafuta mbali kitu kilicholala mchangani mbele ya nyumba zao.

Ukumbi ule ulikuwa Mwananyamala, chumba kirefu cha bati chenye vyuma vingi vilivyochomelewa na mafundi wa mtaani. Kazi yangu ilikuwa kupanga vyuma, kuwaelekeza wageni na kuuza maji. Baadaye mwenye ukumbi akaongeza rafu ya makopo, nami nikawa muuzaji wake. Kopo la paundi 5 lilikuwa linavuka laki mbili, na watu walilipa.

Wateja wawili wa rafu ile ndio walionifundisha zaidi. Mmoja alikuwa karani wa benki. Alifika saa mbili usiku na shati la kazini, akafanya mazoezi saa nzima, kisha akapanda daladala mbili kurudi Mbagala. Chakula chake cha jioni kilikuwa karibu saa tano. Kwake kijiko kimoja cha poda kwenye chupa ya maji kilikuwa na maana, maana asubuhi alikunywa chai na mayai, mchana alikula wali na samaki, na pengo lake lilikuwa lile la safari tu. Wa pili alikuwa saidia fundi, anabeba zege kutwa nzima halafu jioni anakuja kunyanyua vyuma. Huyu miezi ilipita mwili haubadiliki, ila mabega yanazidi kuchongoka. Siku moja nikamuuliza, "Kaka, leo umekula nini?" Akanijibu, "Asubuhi chai na andazi, mchana mihogo ya kuchoma. Jioni ndiyo hii," akanionyesha chupa yake ya poda.

Mwili usio na chakula cha kutosha hauna subira na protini. Ukikosa wanga wa kuuendesha, unaichukua protini na kuichoma ili upate nguvu za kutembea na kupumua, sawa na mtu anayechoma mbao za kuezekea nyumba ili achemshe maji ya chai. Yule saidia fundi alikuwa analipa laki mbili na zaidi kwa kuni. Nilimshauri aache kopo lile likiisha, fedha hiyo aigawe kwa wiki, kila jioni apite kwa mama ntilie ale ugali, maharage na kipande cha samaki kabla ya kulala. Alikubali. Sikuhitaji mizani kuona tofauti. Suruali yake ilianza kumbana mapajani.

Watu huuliza kiasi. Mtu mzima asiyefanya mazoezi anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayefanya mazoezi makali anahitaji kati ya gramu 1.4 na 2. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 49 ya watu waliokuwa wakinyanyua vyuma huku wakiongezewa protini, wakaona kwamba ukishavuka kama gramu 1.6 kwa kilo, nyongeza haiongezi misuli tena. Beki wangu ana kilo 60. Kwa kipimo hicho cha 1.6, mahitaji yake hayafiki gramu 100 kwa siku.

Sasa tuziweke gramu hizo kwenye sahani ya Mbaha. Usipa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Gramu 40 hivi, yaani kiganja kilichojaa vizuri, zinatoa kama gramu 24, kiasi kilekile kinachoandikwa kwenye kijiko kimoja cha poda nyingi. Bakuli la maharage yaliyopikwa, kama gramu 300, linatoa 25 au zaidi. Samaki mbichi wa jioni, awe magege au mbasa, minofu yake ya gramu 150 inakaribia 30. Konzi moja ya karanga inakupa 10 au 12. Jumla hiyo imefika gramu 90, na ugali bado sijauhesabu. Hakuna kopo hapo. Kuna ziwa, na kuna maharage yanayoshuka kutoka Umatengo, yaliyolimwa kwenye mashimo ya ngoro.

Kuhusu saa ya kula, rafu ile ya makopo ilieneza hofu isiyo na msingi. Nimeona watu wakikimbilia chupa zao kabla ya kufuta jasho kwa kuwa wameambiwa nusu saa ikipita mazoezi yamepotea. Misuli iliyofanya kazi hubaki tayari kupokea protini kwa saa nyingi, hata siku nzima, na jumla ya siku ndiyo yenye uzito kuliko dakika. Aliyekula mchana vizuri akafanya mazoezi saa kumi anaweza kwenda kuoga ziwani, akarudi nyumbani, akala bila haraka. Anayekimbia alfajiri tumbo tupu, huyo ale mapema akimaliza. Na kwa mchezaji wa mpira au mkimbiaji, cha kwanza kuisha mwilini ni wanga, kwa hiyo muhogo, viazi, ndizi au wali lazima viandamane na hicho kitoweo. Protini peke yake haimrudishi uwanjani kesho.

Ushahidi wa hili upo jirani tu. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera walichapisha vipimo vya chakula cha wakimbiaji 10 bora wa Kenya waliokuwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitokana na wanga: ugali, wali, viazi, mkate, sukari ya kwenye chai. Protini ilikuwa kama gramu 1.3 kwa kilo, nayo ilitoka kwenye vyakula hivyohivyo, pamoja na maharage, maziwa na nyama kidogo. Hao ndio watu ambao dunia nzima inawatazama migongo yao. Wanakunywa chai ya maziwa mara tu wamalizapo kukimbia, halafu wanakula.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kuitafuta protini, nayo ni nzito kuliko misuli ya beki. Sisi ni walaji wa muhogo. Unga wa muhogo una protini kidogo mno, gramu 1 au 2 katika kila gramu 100, na muhogo mchungu usioandaliwa vyema hubaki na sumu ya sianidi. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa iliyomo kwenye protini, hasa ya samaki, mayai na nyama. Anayekula muhogo mchungu ulioandaliwa haraka bila kitoweo kwa majuma mengi anaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Tarime waliuona mwaka 1985 wakati wa ukame. Mbinga uliingia mwaka 2001 na 2002. Nikimwona kijana anafanya mazoezi makali, chakula chake ni ugali wa muhogo na mchuzi wa nyanya, simfikirii mechi ya Jumapili. Naifikiria miguu yake ya miaka 20 ijayo. Unga wa muhogo mchungu ukishasagwa, uloweshwe kwa maji, utandazwe mwembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, ndipo usongwe. Na usipa usikosekane pembeni.

Usipa nao huchaguliwa, tena kwa makini kuliko kopo. Nenda ufukweni asubuhi, baada ya usiku wa giza. Wavuvi wa taa hawapati kitu mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo kila mwezi kuna siku za neema na siku za ukame, na mwenye akili hujiwekea akiba kavu. Juzi nilimsalimu mama mmoja aliyekuwa akigeuza samaki wake. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Unataka wa mchanga au wa kichanja?" Hilo ndilo swali la kwanza. Wa mchangani huanikwa chini, hubeba mchanga na uchafu wa kuku na mbuzi wanaopita. Wa kichanja hulala juu ya wavu, upepo unapita chini na juu, nao hukauka upesi na kwa usawa. Bei yake imezidi kidogo, na inastahili.

Mama yule alichukua mmoja akaniwekea kiganjani. Alikuwa mwembamba, mrefu kama kidole changu cha kati, ubavu wake bado una mng'ao wa fedha. Nikamkunja, akavunjika kwa mlio mkavu. Huo ndio usipa wa kununua. Akikunjika bila kuvunjika, ndani mna maji, na akifungwa kwenye gunia ataota ukungu kabla ya wiki kwisha. Akiwa na rangi ya kahawia na tumbo limepasuka, alianza kuoza kabla ya kuanikwa. Kisha sugua kiganja chako: ukihisi chembechembe, huo ni mchanga, utausaga kwa meno yako. Masika, jua likikosekana, heri uchukue waliokaushwa kwa moshi. Ukifika nyumbani, mkaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta mpaka aanze kutoa harufu tamu, nyunyiza chumvi, kamulia ndimu. Analiwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo unapata na madini ya chokaa ya kuimarisha mifupa yako.

Karanga nazo zichambuliwe. Iliyosinyaa, yenye ukungu au uchungu, tupa, usiionee huruma. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka zao, na ukungu unaotoa sumu hiyo unaipenda karanga vilevile. Soya ya Songea ni nzuri sana, theluthi nzima ya uzito wake ni protini, ila ikaangwe au ichemshwe barabara kabla ya kusagwa. Ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisiisage protini yenyewe. Togwa ni kinywaji kizuri cha kurudisha maji na wanga, nami nawapa wachezaji bila kusita, lakini kitoweo si hicho.

Timu yetu sasa ina utaratibu. Baada ya mazoezi kunakuwa na sufuria la mihogo mitamu au ndizi za kuchemsha, na beseni la usipa wa kukaanga uliochanganywa na karanga. Kila mchezaji huleta konzi yake kutoka nyumbani. Asiye na kitu hula cha wenzake. Wanakula wamekaa chini ya mwembe, na mazungumzo ya mechi yanafanyika hapo hapo. Nimeona hata wachezaji wa ngoma ya mganda wakija kutuiga siku za mashindano yao, na wana haki, kwa sababu kucheza mganda kutwa nzima juani, kwa hatua zile za kijeshi, ni kazi ngumu kuliko dakika 90 za mpira.

Lipo kundi ambalo kopo linalifaa, nami silifichi. Mwanafunzi wa chuo asiye na jiko, mfanyakazi kama yule karani, mgonjwa anayepona ambaye daktari au mtaalamu wa lishe amemwandikia, mtu asiyekula samaki wala nyama. Hao wakinunua, wasome. Poda nyingi hutokana na maji yanayochujwa jibini ikitengenezwa, na wengi wetu tumbo letu haliivumilii sukari ya maziwa. Ikikuletea gesi na kuharisha, tafuta iliyosafishwa zaidi au ya soya. Tazama gramu za protini katika kila gramu 100 za poda. Ikiwa 70 au 80, ni poda ya protini. Ikiwa 15 au 20, umeuziwa sukari na wanga kwa jina la kunenepesha, na ugali ungeifanya kazi hiyo kwa bei ya chini. Makopo mengi ya kuongeza uzito niliyoyauza Mwananyamala yalikuwa ya namna hiyo, na ndiyo yaliyopendwa, kwa kuwa ni makubwa.

Hata namba za lebo hazitoshi. Vipimo vya kawaida vya maabara havihesabu protini yenyewe, vinahesabu naitrojeni, halafu vinakisia. Mjanja akitia vitu vya bei rahisi vyenye naitrojeni, namba inapanda bila chakula kuongezeka. Ndivyo ilivyofanyika China mwaka 2008 kwenye maziwa ya unga: watoto wachanga 6 walikufa, na karibu 300,000 waliugua kwa sababu ya kemikali ya melamini iliyotiwa humo. Na kuna dawa zilizofichwa. Watafiti wa Cologne, Ujerumani, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Virutubisho 94 vilikuwa na homoni za kujenga misuli, au vitu vya jamii yake, ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Hiyo ni karibu 15 katika kila 100. Mchezaji anayepimwa akikutwa nazo, kujitetea tu kwamba hakujua hakutoshi kumnusuru na adhabu. Ndiyo maana wanariadha wa kulipwa hutafuta kopo lenye alama ya Informed Sport au NSF, na hapa nchini tazama pia kama bidhaa imepita TBS, shirika la viwango lililokabidhiwa usimamizi wa chakula mwaka 2019. Poda inayopimwa kwa kijiko ndani ya mfuko usio na jina, tarehe wala mwagizaji, usiiguse, hata akiuza rafiki yako. Mwenye maradhi ya figo asinunue chochote kabla ya kuonana na daktari.

Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kibanda, protini havina. Vina kafeini na sukari. Vinaamsha moyo, haviujengi mwili, na mtoto wa shule aliyetoka kukimbia juani hana sababu ya kuvinywa. Soda moja ya chupa ina sukari zaidi ya gramu 30. Biskuti zinazoandamana nayo zinaongeza nyingine. Kwa fedha ya vitu hivyo viwili, siku ambayo usipa umejaa, kijana angekula na kusaza.

Hapa ndipo wazazi wanapoingia. Usipa ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni matibabu, na hakuna anayeweza kumwambia mvuvi asiuze. Lakini nimeingia katika nyumba ambazo msimu mzuri umepita, magunia yote yameondoka, na watoto wanakula ugali wa muhogo kwa kisamvu kisichotiwa hata karanga. Wanaofaidi protini ya ziwa hili ni watu wa Songea, Njombe na Dar es Salaam. Nawaomba wazazi wa Mbaha, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay waitenge sehemu ya nyumbani kabla mnunuzi hajafika, waiweke kwenye ndoo yenye mfuniko, wasiihesabu tena kama mali ya biashara.

Kwa makocha wenzangu wa mwambao huu: fedha ya timu ikipatikana, nunueni sufuria, maharage na usipa wa kichanja kabla ya kununua seti ya pili ya jezi. Mchezaji anayetaka mwili muulizeni kwanza amekula nini tangu asubuhi. Na mchezaji aliye chini ya miaka 18 asipewe poda wala kinywaji cha kuongeza nguvu na mtu yeyote wa benchi lenu.